Kikulacho ki tumboni mwako

Mazungumzo haya yalisikika redioni Jumapili iliyopita, baada ya taarifa ya habari ya jioni.



Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuzungumza juu ya nauli za mabasi, na karatasi nilikwisha kuiandika. Nimeiweka kando. Nauli zitatungoja mpaka wiki ijayo, na kwa jinsi ninavyozijua, huenda zikawa zimepanda kidogo. Leo naomba tuzungumze juu ya tumbo.

Sisemi lile tumbo la mafumbo, ambalo tukiambiwa kwamba mweka hazina fulani ana tumbo kubwa, kila mtu huelewa kuwa fedha za ushirika hazionekani. Nasema tumbo hili hili la kawaida, linalopokea ugali na mchicha, na ambalo mwenyewe humkumbuka siku linapomuuma tu.

Fungua mkoba wa mfanyakazi yeyote hapa mjini, utakuta vidonge vya kutafuna vya kutuliza kiungulia. Fungua droo ya meza yake, utakuta vidonge vya maumivu. Ukimwuliza, atakujibu bila wasiwasi, "Mimi nina vidonda vya tumbo," kama vile mtu anavyosema, "Mimi ni mwenyeji wa Tanga." Yaani ni jambo alilozaliwa nalo na atakalokufa nalo. Hapo ndipo ninapotaka kumpinga, tena kwa sababu ambayo ni afadhali niitaje mapema, nisije nikaonekana nahubiri.

Mwezi Mei mwaka 2023, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa najitayarisha kwenda kazini, simu yangu iliita. Alikuwa mdogo wangu wa kike anayekaa na mama yetu huko Muheza. "Kaka," alisema, "mama ameanguka uani. Anatapika kitu cheusi, kama unga wa kahawa."

Nilifika saa saba mchana. Mama alikuwa amekwisha kulazwa, viganja vyake vyeupe kama karatasi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika kwa sauti ndogo, "Marahaba, mwanangu. Leo si zamu yako ya kusoma habari?"

Muuguzi akamwuliza choo chake kilikuwa na rangi gani siku zile. Mama alinitazama mimi, kisha akautazama ukuta. Nikaelewa, nikatoka nje. Baadaye mdogo wangu ndiye aliyenieleza: kilikuwa cheusi kama lami, kinanata, kina harufu kali, na hali hiyo ilikuwa ya siku nne. Siku nne mama yetu alikuwa akivuja damu tumboni, na hakumwambia mtu, kwa kuwa mtu mzima hasimulii habari za choo mbele ya watoto wake.

Kisha daktari, dada mmoja wa makamo, akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Mdogo wangu akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, karatasi kwa karatasi. Daktari akauliza, "Nani aliyemwandikia dawa hizi?"

Hakuna aliyemwandikia, ndugu wasikilizaji. Nilimnunulia mimi. Mama alikuwa analalamika magoti. Basi kila mwisho wa mwezi, kwa muda wa miaka miwili, nilipitia duka la dawa karibu na kituo changu cha basi, nikanunua vidonge, nikavifunga pamoja na sukari na sabuni, nikampa kondakta wa basi. Niliona nimetimiza wajibu wa mtoto kwa mzazi. Naye mama, mtu wa shamba, alikuwa akimeza viwili kila asubuhi kwa chai ya rangi, kabla hajatia kitu kingine tumboni, ili magoti yamfikishe kwenye mihogo yake.

Daktari hakunigombeza. Alichukua kalamu na kipande cha karatasi akanichorea njia ya chakula kutoka kinywani hadi mwisho. Naomba niwapitishe katika mchoro ule, maana mimi, mwenye diploma ya uandishi wa habari na miaka zaidi ya ishirini mbele ya kipaza sauti, nilikuwa siujui.

Safari huanzia kinywani. Meno husaga, ulimi hugeuza, na mate hulainisha. Kwa siku moja mtu mzima hutoa mate yapatayo lita moja au zaidi. Mate hayo si maji matupu. Yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga hapo hapo kinywani. Ndiyo maana ukitafuna ugali mkavu kwa muda mrefu bila kumeza, utausikia unaanza kuwa mtamu. Jaribu leo usiku.

Ukimeza, tonge huingia kwenye umio, mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita zipatazo ishirini na tano. Wengi wetu tunadhani tonge hudondoka kama jiwe kisimani. La hasha. Misuli ya umio hulikamua tonge kuelekea chini, hatua kwa hatua, na ndiyo maana hata mtu aliyelala chali anaweza kumeza. Mwisho wa umio kuna mlango wa misuli. Mlango huo ukilegea, asidi ya tumbo hupanda juu na kuunguza kifua, nasi husema tuna kiungulia. Kwa hiyo kiungulia peke yake si kidonda cha tumbo, ingawa watu wengi hukiita hivyo.

Sasa tumefika tumboni penyewe, yaani kwenye mfuko wa chakula, ulio upande wa kushoto chini ya mbavu. Mfuko huu hukikoroga chakula na kukichanganya na maji yake makali. Humo mna kimeng'enya cha kuvunja nyama na maharage, na mna asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo ni ile ile inayotumika viwandani kuondolea kutu kwenye vyuma. Unayo tumboni mwako sasa hivi unaponisikiliza.

Hapa swali lilinijia, na bila shaka limewajia nanyi. Ikiwa tumbo linayeyusha nyama ya ng'ombe, kwa nini halijiyeyushi lenyewe, nalo pia ni nyama?

Kabla ya jibu, niwape kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac kaskazini mwa Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin, mfanyakazi wa biashara ya ngozi za wanyama, alipigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya, karibu sana. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akitegemea kwamba angekufa. Hakufa. Ila kidonda kiliacha tundu kutoka nje hadi ndani ya tumbo, na tundu hilo halikuziba. Kuanzia mwaka 1825 daktari alikuwa akifunga vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri, akiviingiza tunduni na kuvitoa tena baada ya saa kadhaa ili aone vimefikia wapi. Aliyachota maji ya tumbo akayatia kwenye chupa, akaiweka mahali pa joto, na nyama ikayeyuka humo chupani. Mwaka 1833 alitoa kitabu chake, na dunia ikafahamu kwamba kazi kubwa ya tumbo inafanywa na maji hayo makali. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, chakula kilichelewa kusagika. Na niseme kwamba alikuwa na haki ya kukasirika, maana kuchunguzwa miaka yote ile si mchezo. Hata hivyo aliishi mpaka mwaka 1880, miaka ishirini na saba baada ya daktari wake kufariki.

Sasa jibu la swali letu. Tumbo limepakwa ute mzito kwa ndani, na chini ya ute huo hutolewa chumvichumvi inayozima asidi kabla haijagusa nyama. Aidha, ngozi ya ndani ya tumbo hujibadilisha upya kila baada ya siku chache, kama nyumba inayopakwa lipu mpya kila wiki. Maadamu lipu ipo, asidi inapika chakula na haimpiki mwenye tumbo. Lipu ikibanduka, asidi hukutana na ukuta mtupu. Hicho ndicho kidonda cha tumbo. Hutokea kwenye tumbo lenyewe au kwenye kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, mara tu chakula kinapotoka tumboni.

Nani basi anayebandua lipu? Kwa miaka mingi sana madaktari na wagonjwa walikuwa na majibu matatu: mawazo, pilipili, na kutokula kwa wakati. Mgonjwa aliambiwa apumzike, aache viungo, anywe maziwa. Huko Chicago mwanzoni mwa karne ya ishirini daktari mmoja, Bertram Sippy, alijulikana kwa kuwanywesha wagonjwa wake maziwa na malai kila saa. Hapa kwetu mpaka leo mtu akilalamika tumbo anaambiwa, "Wewe una mawazo sana." Na nani kati yetu hana mawazo, ikiwa kodi ya nyumba inalipwa kwa miezi sita mbele?

Mwaka 1979, katika mji wa Perth huko Australia, daktari Robin Warren, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vipande vya nyama ya wagonjwa kwa darubini, aliona vijidudu vilivyojipinda kwenye tumbo la mgonjwa. Wakati ule karibu kila mtu aliamini kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi ndani ya asidi ile. Akajiunga na daktari kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuviotesha. Kila mara walishindwa, kwa kuwa sahani za kuoteshea zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Ikaja sikukuu ya Pasaka mwaka 1982. Watu wakaenda mapumziko, sahani zikasahauliwa kwa siku tano. Waliporudi walikuta vijidudu vimeota. Hiyo ndiyo likizo iliyofanya kazi kuliko siku nyingi za kazi.

Watu hawakuwaamini kirahisi. Basi mwaka 1984 Marshall, akiwa na umri wa miaka 32, alichanganya vijidudu vile kwenye kikombe akavinywa mwenyewe. Baada ya siku chache alianza kutapika na pumzi yake ikanuka vibaya, na walipomtazama tumboni walikuta limevimba kwa ndani na vijidudu vimejaa. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel.

Kijidudu chenyewe kinaitwa Helikobakta pailori, na mitaani watu wamefupisha wakasema "eichi pailori". Ujanja wake ni kwamba kinatengeneza amonia inayozima asidi pembeni yake, kisha kinajichimbia ndani ya ule ute na kukaa humo kwa raha. Watu wengi hukipata utotoni, nyumbani, kwa mikono isiyonawa, maji au chakula kichafu, na matapishi. Wengi wanacho na hawaumwi kamwe. Lakini kwa baadhi yao kinachokonoa lipu mwaka hadi mwaka mpaka ukuta unaonekana. Na mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikiingiza katika orodha ya mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, kwa maana ya saratani ya tumbo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki hakikutosheka na nguo.

Mbanduaji wa pili ndiye niliyemnunua mimi dukani. Ni dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Aspirini yenyewe ilitumika miaka mingi bila watu kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alieleza kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel. Kemikali hizo zikiwa gotini huleta uvimbe na maumivu. Zikiwa tumboni, ndizo zinazoliamuru tumbo litoe ute na kupeleka damu ya kukarabati ukuta. Dawa haijui goti wala tumbo. Inazima kote kote. Kwa hiyo kila asubuhi mama yangu alipokuwa akiyatuliza magoti yake, alikuwa akimfukuza fundi wa lipu.

Nilimwuliza daktari, "Je, angekula kwanza?" Akanijibu kwamba chakula hupunguza mwunguzo wa kidonge chenyewe, lakini madhara makubwa hupitia kwenye damu. Ndiyo maana hata sindano ya dawa hiyo, ambayo watu huisifu kwamba haipiti tumboni, inaweza kuleta kidonda vile vile. Maneno hayo yalinishtua, maana mimi mwenyewe mgongo ukinisumbua nilikuwa nakimbilia sindano.

Tumalize mchoro wa daktari, maana uliobaki ndio unaoeleza lile jambo ambalo mama aliona aibu kulisema. Kutoka tumboni, chakula kikiwa kama uji mzito, huingia kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba. Hapo hupokea nyongo kutoka kwenye ini, ya kulainisha mafuta, na maji ya kongosho yenye vimeng'enya vya kila namna. Utumbo huo ukinyooshwa hufikia mita sita hivi, na ndani yake una vinyweleo vingi mno vinavyofyonza lishe na kuipeleka kwenye damu. Kisha masalio huingia kwenye utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu, ambako maji hufyonzwa na choo huundwa.

Sasa fikiria damu inayovuja kutoka kwenye kidonda cha tumbo. Nayo husafiri njia hiyo hiyo. Huchomwa na asidi, humeng'enywa njia nzima, na inapotokea mwisho haina tena wekundu wowote. Ni nyeusi, inanata kama lami, na ina harufu isiyo ya kawaida. Na ikitapikwa, huwa kama unga wa kahawa. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba kwa kuwa hajaona damu nyekundu, basi haumii. Ni kweli kwamba vidonge vya madini ya chuma, kama wanavyopewa akina mama wajawazito, navyo hugeuza choo kuwa cheusi. Lakini mtu ambaye hatumii vidonge hivyo, akiona choo cheusi cha kunata, asingoje kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika mwenye maumivu makali ya ghafla na tumbo limekuwa gumu kama ubao, maana huenda kidonda kimetoboa ukuta hadi nje, na hapo kinachotakiwa ni upasuaji wa haraka.

Mama aliongezewa chupa tatu za damu. Mimi nilitoa moja, mdogo wangu moja, na ya tatu ilitolewa na kijana wa jirani ambaye mpaka leo tukimshukuru anaona haya. Alipopata nguvu tulimleta Dar es Salaam, akapimwa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa kinywani hadi tumboni. Kidonda kilionekana, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Walichukua kipande kidogo cha nyama wakakipima, wakamkuta na kijidudu. Wabanduaji wote wawili walikuwa kazini kwa pamoja.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo palipo na habari njema. Kidonda cha tumbo kinapona. Sisemi kinatulia, nasema kinapona. Mama alipewa dawa za kuua bakteria za aina mbili, pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku kumi na nne, kisha akaendelea na ile ya asidi mpaka ukuta ukajengeka. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye alipimwa tena, kijidudu hakikuonekana.

Kwa hiyo wewe unayetembea na vidonge vya kutafuna kwa mwaka wa tano sasa, nakuomba usikilize vizuri. Vidonge vile huzima asidi kwa saa chache. Havimgusi kijidudu. Ni sawa na kumfuta mtoto machozi na kumwachia mwiba mguuni. Maziwa nayo hupoza kwa muda mfupi, halafu huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Pilipili inaweza kukuwasha, lakini haikukichimba kidonda chako. Mawazo huzidisha maumivu, lakini wewe kuacha kuwaza hakutamwua bakteria. Sigara na pombe huchelewesha kidonda kupona, kwa hiyo hizo uziache kweli.

Nenda ukapimwe. Kuna kipimo cha choo, kuna cha pumzi, na kuna hicho cha kamera. Kile cha damu kina kasoro, maana kinaweza kuonyesha alama za kijidudu kilichokwisha kuondoka zamani. Mwambie mpimaji dawa unazotumia, kwa sababu dawa za kupunguza asidi zinatakiwa ziachwe wiki mbili kabla ya kipimo cha choo au cha pumzi, na dawa za kuua bakteria wiki nne, ama sivyo jibu litakudanganya. Ukipewa dozi, imalize. Najua vidonge ni vingi na vingine vinaacha uchungu mdomoni kama kulamba chuma. Lakini ukiacha siku ya sita kwa kuwa umepata nafuu, kijidudu kilichobaki kinajifunza kuishi na dawa, na siku nyingine dawa hiyo haitakusaidia, wala haitamsaidia utakayemwambukiza.

Kuhusu dawa za maumivu, sisemi zitupwe. Zina kazi yake, na daktari anajua amwandikie nani, kwa siku ngapi, na pengine pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Aliyepewa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya maneno yangu, amwulize aliyempa. Ninachokataa ni huu mtindo wa kununua diklofenaki kama tunavyonunua karanga, na kuwapelekea wazee wetu kama zawadi. Walio hatarini zaidi ni hao hao wazee, na yeyote aliyewahi kuwa na kidonda. Mama siku hizi anatumia parasetamo, ambayo haimfukuzi fundi wa lipu, lakini nayo kwa kipimo alichoambiwa na bila kuzidisha. Ana fimbo, na ana mazoezi ya miguu aliyofundishwa, ambayo anayafanya asubuhi barazani huku majirani wakimcheka.

Nilipomwomba radhi, alinijibu, "Mwanangu, wewe ulileta dawa kwa mapenzi. Mimi ndiye niliyeficha." Nikamkatalia, naye akanikatalia. Ukweli ni kwamba tulishirikiana. Mimi nilinunua bila kuuliza, yeye akaumwa bila kusema. Na mficha maradhi, kama tujuavyo, kifo humuumbua. Kwetu sisi kilikaribia mno.

Sasa mama amebadilika, tena kupita kiasi. Mtu akifika kwake na kulalamika tumbo, hata kabla hajaketi, mama humwuliza, "Choo chako kina rangi gani?" Mdogo wangu anasema wageni wamepungua.

Mimi nimejifunza desturi mpya, na naomba niwaachie nanyi. Usiku huu, ukimpigia simu mzazi wako, ukimaliza shikamoo na habari za mvua, mwulize anameza vidonge gani, alivipata wapi, na tumbo lake linasemaje. Atashangaa, na pengine ataona haya. Mwulize tena kwa upole, mpaka ajibu.

Nauli tutazizungumza wiki ijayo. Usiku mwema.